Nimeuliza kodi ya nyumba ya marehemu baba, nimeitwa feministi

Wakuu salaam. Mods, msiuhamishie huu uzi jukwaa la mahusiano, hapa hakuna mapenzi.

Jumapili tumeanua matanga ya mzee, kwetu Muleba. Baada ya chakula kikaanza kikao cha ukoo. Mimi nilikuwa nazungusha chai, birika mkononi. Baba mdogo akasoma muhtasari: msimamizi wa mirathi ni yeye, kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, wagawane kaka zangu wawili, "na mabinti waangaliwe". Waangaliwe, kama mbuzi! Nikaweka birika chini, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikauliza kitu kimoja tu: baba, ile nyumba ya mjini Bukoba yenye wapangaji wanne, kodi ya miezi minane mzee akiwa anaumwa kachukua nani?

Kimya. Halafu kaka mkubwa akacheka. "Mnamwona? Mambo ya Beijing hayo. Huyu feministi." Watu wakaangua kicheko, shangazi akadakia kwamba ndiyo maana mume wangu hakuja msibani. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa njiani Tunduma, na shangazi analijua hilo. Swali langu likaishia hapo. Mpaka naandika, hakuna aliyelijibu.

Kinachoniuma ni jinsi hilo neno linavyotumika. Hakuna pale aliyeweza kueleza maana yake. Kwao feministi ni mwanamke anayechukia wanaume, asiyepika, anayetaka kumpanda mume kichwani. Nimepika siku nne mfululizo, nimenuka moshi mpaka nywele, ila kuuliza hesabu tu nikageuka feministi. Mzee alipokuwa anasafishwa damu Mwanza, simu ya kila wiki ilikuja kwangu: dada, tuma ya dawa. Nilituma, na ya kutolea juu. Hakuna aliyesema pesa ya feministi irudishwe.

Halafu wananiambia nimeiga wazungu. Jamani, hili shauri limeshaamuliwa, tena limetoka Muleba hii hii! Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa laki tatu. Mpwa wake akamshtaki: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, mila ya Wahaya. Na kweli sheria za mila zilizotangazwa 1963 zilisema hivyo, binti atumie maisha yake yote lakini asiuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema hapana, hiyo inapingana na Katiba. Sidhani kama yule bibi alishawahi kulisikia neno feministi. Na jaji hakuufuta ukoo, kama watu wanavyopenda kutisha wenzao. Alisema mpwa akilitaka shamba amrudishie mnunuzi laki tatu zake, vile vile ambavyo ingekuwa kama muuzaji angekuwa mwanaume. Kipimo kimoja kwa wote. Hicho tu ndicho ninachodai!

Na hiyo Beijing wanayoitaja kama tusi: Katibu Mkuu wa ule mkutano wa dunia wa wanawake wa 1995 alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, humu humu ziwani. Bibi Titi naye alikuwa anawaingiza wanawake TANU tangu 1955. Hao nao waliharibiwa na mitandao?

Ndiyo, wapo wanaoshinda mitandaoni wanatukana wanaume wote halafu wanajiita mafeministi. Wapo, na wananikera. Lakini mlevi mmoja akisema yeye ni mkatoliki, mnafunga kanisa?

Sasa hivi baba mdogo anapiga simu kutwa. Muhtasari hauna sahihi yangu, na keshokutwa wanaupeleka Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi. Jana kanitumia ujumbe: "mwanangu usiivunje familia kwa vitu vya kusoma." Mdogo wangu wa kike ameshasaini, aliahidiwa migomba kumi.

Mimi sisaini. Mwenye uzoefu wa kuweka pingamizi la mirathi aniambie, niende na nini mbali na cheti cha kuzaliwa na risiti za hospitali? Na wale wa "mwanamke jishushe", nilikuwa nimepiga goti. Nishuke wapi tena?