Msaada: Hilux haiwashi dimu tangu nilipobadilisha balbu za taa kubwa

Mkulima wa Isyonje
Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1996 ninayobebea viazi kutoka Isyonje hadi soko la Mwanjelwa, na mara nyingi saa kumi alfajiri huwa nimeshaingia barabarani, ukungu wa huku ukiwa haujaondoka. Wiki tatu zilizopita balbu ya kulia iliungua. Muuzaji wa duka moja mjini alinishauri nibadilishe zote mbili na nichukue zenye mwanga mkali zaidi, nami nikakubali. Ziliwaka vizuri kwa siku kama kumi. Juzi, nikiwa nateremka kuelekea Uyole, dimu (taa za mwanga wa chini) za pande zote mbili zilififia zikawa nyekundu kama kaa la moto, kisha zikazimika. Fulu (mwanga wa mbali) zinawaka kama kawaida.

Nimenunua balbu nyingine na hali ni ileile. Fundi mmoja alibana waya wa testa yake (kipimio chenye kijitaa kinachowaka kikikuta umeme) kwenye bodi ya gari, akagusa ndani ya plagi ya balbu, kijitaa kikawaka, akahitimisha kwamba umeme unafika na balbu ndizo mbovu. Nimeziunga moja kwa moja kwenye betri na zote zinawaka. Sasa kama umeme unafika na balbu ni nzima, tatizo liko wapi? Kwa sasa natembelea fulu, ambayo ndani ya ukungu inanirudia machoni kama ukuta mweupe, achilia mbali madereva wa malori wanaonipigia taa kwa hasira.

Dereva wa Kitonga
Pole sana ndugu. Anza na fyuzi zilizo chini ya boneti, kwa sababu hata mimi niliwahi kuhangaika siku nzima kwa fyuzi iliyokatika.

Mkulima wa Isyonje
Ahsante mkuu. Nimezichomoa zote za taa na ni nzima. Isitoshe, kwenye gari hili fulu na dimu za upande mmoja zinatumia fyuzi moja, na fulu zinawaka.

Fundi Umeme Mafiati
Basi tuache fyuzi, na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) pia tuiache kwa sababu hiyohiyo. Ndugu mkulima, naomba usome maandishi yaliyo kwenye kitako cha zile balbu za mwanzo, utuambie ni wati ngapi. Pia chomoa plagi na utazame plastiki yake kwa makini.

Mkulima wa Isyonje
Zimeandikwa 12V 100/90W. Hizi za sasa ni 60/55W. Plagi ya kushoto haina tatizo, lakini ya kulia imekuwa ya kahawia pembeni mwa mguu mmoja, na ilinibidi niitikise ndipo ikatoka.

Fundi Umeme Mafiati
Nilitarajia hivyo. Gari lako lilitengenezewa balbu za H4, zenye uzi wa fulu na uzi wa dimu ndani ya kioo kimoja, za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Dimu mbili za wati 55 ni wati 110, yaani takriban ampea 9 kwa betri ya volti 12, lakini dimu mbili za wati 90 ni wati 180, yaani ampea 15. Mwanga huo wa ziada uliufurahia kwa siku kumi huku nyaya na swichi zikibeba mzigo ambao hazikuundiwa.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya hata mafundi wenzangu. Wengi wetu tumezoea kwamba swichi hukata chanya na kwamba balbu ina hasi yake ya kudumu kwenye bodi, lakini Hilux za miaka hiyo zimefungwa kinyume: chanya inafika kwenye balbu kupitia mguu wa pamoja wa nyuzi zote mbili, kisha swichi iliyo kwenye mkono wa usukani ndiyo inayokamilisha hasi, ama ya dimu ama ya fulu. Fundi wako alipobana testa kwenye bodi na kugusa mguu wa pamoja, lazima kijitaa kingewaka, maana alipima njia ya kwenda peke yake. Njia ya kurudi, ambako nadhani ndiko kwenye ugonjwa, hakuigusa.

Mwalimu wa Fizikia Iringa
Naomba niongeze hapo. Hata angeibana testa kwenye chanya na kugusa mguu wa dimu, huenda bado ingemdanganya. Testa yenye kijitaa kidogo inahitaji mkondo mdogo mno, kwa hiyo itawaka hata ikipitia mguso wa swichi ulioungua na kubakiza nukta ndogo tu ya kupitishia umeme. Balbu ya wati 55 inataka ampea nne na ushee, na hapo nukta hiyo inashindwa. Ni sawa na bomba lililoziba kwa matope: ukikinga kikombe utadhani maji yapo, ukikinga ndoo ndipo utajua. Ndiyo maana kipimo hufanywa balbu ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa imewashwa.

Kijana wa Mwanjelwa
Kwa nini usifunge LED tu, kaka? Zinakula umeme kidogo.

Fundi Umeme Mafiati
Kwa taa hizo simshauri. Kioo na kiakisi chake vilichorwa kufuata mahali ulipo uzi wa balbu ya H4, na LED nyingi zinazouzwa hazikai mahali hapo hasa, hivyo mwanga hutawanyika, na mwanga uliotawanyika kwenye ukungu wa Isyonje ni adha nyingine. Halafu swichi mbovu itabaki kuwa mbovu.

Mkulima, azima mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti 20 za DC. Chomeka balbu, washa dimu. Ncha nyeusi iweke kwenye hasi ya betri, na ncha nyekundu uipenyeze nyuma ya plagi hadi iguse mguu wa dimu, ule uliolala juu ya ile miwili iliyosimama. Pakiwa pazima, mita itasoma chini ya nusu volti. Ikisoma karibu sawa na betri, njia ya kurudi imekatika.

Mkulima wa Isyonje
Wakuu, nimerudi. Mita ilisoma 11.8. Nikamwambia kijana wangu asukume mkono wa swichi polepole bila kuuachia, namba ikashuka hadi 4 na balbu ikawaka nyekundu, alipouachia ikarudi 11.8. Tulifungua kava la usukani pamoja na fundi mwingine wa Uyole. Mguso wa fulu unang'aa kama sarafu mpya, wa dimu umekuwa mweusi na una kishimo, na plastiki iliyouzunguka imevimba. Tuliusugua kwa msasa laini ili nifike nyumbani, na leo tumefunga swichi ya mtumba iliyo nzima. Mita sasa inasoma 0.3. Alfajiri nitashusha viazi kwa dimu.

Dereva wa Kitonga
Hongera. Na zile za wati 100 umezifanyia nini?

Mkulima wa Isyonje
Nilizirudisha dukani. Muuzaji amekataa kuzipokea, anasema zimeshatumika.

Fundi Umeme Mafiati
Kazi haijaisha, ndugu. Plagi ya kulia iliyobadilika rangi ikate, ufunge nyingine ya kauri, kwa sababu chuma chake kilipata moto na hakitaubana tena mguu wa balbu ipasavyo, utaanza kuona taa ya kulia ikicheza kila unapopita kwenye matuta. Unaposhika balbu, shika kitako, kioo usikiguse kwa vidole, maana mafuta ya ngozi hukifanya kipate moto sehemu moja na balbu haidumu. Baadaye ukipata nafasi njoo tukufungie rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zenye waya wao wenyewe na fyuzi kutoka kwenye betri, ili hiyo swichi ya mtumba ibaki kuamrisha rilei tu.

Mkulima wa Isyonje
Plagi naishughulikia kesho baada ya soko. Rilei tusubiri bei ya viazi ipande kidogo.