Programu huria ya kusimamia mtandao wa matawi: LibreNMS au Zabbix?

Fundi, Mafinga
Ndugu wadau, ninasimamia mtandao wa chama cha akiba na mikopo chenye makao Mafinga na matawi Iringa mjini na Makambako. Tuna ruta tatu, swichi saba na seva moja. Mvua zinapoanza Novemba, tawi la Makambako hupotea mtandaoni mara kwa mara, nami hupata habari kwa simu ya mhasibu ambaye tayari amekwisha kukasirika. Fedha za leseni hazipo. Nianze na programu ipi?

Jibu, Mbeya
Kwa vifaa kumi na kimoja, LibreNMS inatosha. Ukiwasha SNMP (lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kueleza hali yao) kwenye ruta na swichi, yenyewe huzitambua poti zote na kuanza kuchora grafu. Hata hivyo, kwa kawaida husoma vifaa kila baada ya dakika 5, hivyo laini inayokatika kwa nusu dakika na kurudi inaweza isionekane kabisa. Weka SmokePing, programu ya kupima laini, pembeni yake, ufupishe mzunguko wake wa kupima, nayo itakuonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopotea na jinsi majibu yanavyochelewa.

Jibu, Iringa
Ninatofautiana kidogo na mwenzangu. Ukipima kutoka Mafinga peke yake, swichi iliyozimika na laini iliyokatika hufanana. Zabbix ina proksi, yaani programu msaidizi inayowekwa tawini, ambayo huendelea kukusanya vipimo na kuvihifadhi hata laini ikikatika, kisha huvituma inaporejea. Kuisanidi kunachosha, sitakudanganya. Pia usitumie SNMP toleo la 2c ukiacha neno la siri lililokuja na kifaa, kwa sababu toleo hilo hulipitisha waziwazi. Toleo la 3 linaweza kulificha. Lakini kabla ya yote hayo, angalia umeme. Mimi niliwahi kuilaumu ruta wiki mbili nzima, kumbe betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ilikuwa imekufa. Programu huria ya Network UPS Tools, ikiunganishwa na UPS kwa waya wa USB, huandika kila umeme unapokatika na hali ya betri.

Fundi, Mafinga
Nashukuru sana. Nimempigia mhasibu, naye amenieleza kwamba taa za ofisi huyumba kabla ya mtandao kupotea, jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Nitaanza na UPS pamoja na SmokePing. Proksi ya Zabbix nitaiweka kwenye kompyuta ya zamani iliyoko stoo, ikiwa bado inawaka.