Stelingi akishika kalamu na kamera, nani wa kumwambia hapana?

Mkazi wa Sinza: Tangu marehemu Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, walipotoka kikundi cha maigizo cha Kaole na kuanza kuongoza filamu ambazo wao wenyewe ndio mastelingi, yaani waigizaji wakuu, tumezoea kuona jina moja likijirudia mara tatu kwenye kava: mtunzi, mwongozaji, mwigizaji. Nauliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kuiona kasoro yake, maana nyani haoni kundule. Mimi nasema hawezi, na kama filamu hizo zilinunuliwa, ni kwa sababu mama zetu walitazama chochote kilichowekwa kwenye deki.

Binti Saidi: Ndugu yangu, la mama zetu ungeliacha. Mama yangu aliuza vitumbua Tandika, na diski alizinunua kwa fedha ya vitumbua hivyo, kwa hiyo alichagua kwa uangalifu kuliko wewe unavyochagua maneno. Ule umati uliofurika viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, Aprili 2012 kumuaga Kanumba, nao uliwekewa kwenye deki?

Mhariri Mstaafu: Tuwaache akina mama wapumzike. Kilichokosekana ni mswada, kwa sababu wengi walizoea kuelezwa kisa asubuhi na kujitungia maneno mbele ya kamera. Mmarekani Jordan Peele alitoka kwenye uchekeshaji, akakaa chini akaandika filamu ya Get Out, akaiongoza, na akapata Oscar ya uongozaji.

Mwalimu wa Bagamoyo: Kwa uongozaji Peele aliteuliwa tu, tuzo aliyoondoka nayo mwaka 2018 ni ya mswada bora wa asili. La muhimu zaidi ni kwamba ustelingi alimwachia Daniel Kaluuya. Chiwetel Ejiofor naye, alipoandika na kuongoza filamu ya mwaka 2019 kuhusu William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo, alijipa nafasi ya baba, na kijana akaigizwa na Maxwell Simba wa Kenya. Mwigizaji na aandike, ila akubali kujipunguza.

Mhariri Mstaafu: Mwalimu, nimekosea jina la tuzo, sikukosea hoja, wala sikuja hapa kusahihishiwa daftari. Sisi tuliokaa kwenye meza ya kuhariri tunajua kwamba agizo la msambazaji lilikuwa filamu iwe na sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake na bei yake. Kisa cha saa moja kikavutwa kama ubuyu mdomoni: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linaegeshwa, tajiri anashuka, anapanda ngazi, na hajasema neno. Nilipotaka kukata niliambiwa niache, dakika hazitoshi. Hapo hata angeletwa huyo Peele, geti lingefunguliwa lote.

Mkazi wa Sinza: Basi lawama ni za msambazaji? Mwongozaji aliyekuwa pia stelingi, ambaye bila sura yake kava lisingeuzika, ndiye pekee aliyekuwa na nguvu ya kukataa, na alinyamaza kwa kuwa kila dakika iliyoongezwa ilikuwa ya uso wake.

Binti Saidi: Kumbe mama yangu alilinunua geti lile mara mbili. Hata hivyo, Mkazi wa Sinza, radhi ya kumwomba mama bado sijaiona.