Daftari la sanaa la kutengeneza mwenyewe: nishone kwa uzi, nibaindi spairo au nipake gundi?

Shangazi_Rangi
Wakuu habari za jioni. Nataka kutengeneza daftari la sanaa kwa mkono, lile la kuchora, kubandika vipande vya picha na kuandika mambo yako. Nimeangalia video mpaka nimechanganyikiwa. Wapo wanaoshona, wapo wanaopaka gundi mgongoni tu, na steshenari ya hapa mtaani wananibaindia spairo nikiwa nimesimama hapo hapo. Ipi bora? Jalada nataka liwe la kitenge. Nahitaji haraka. Nawasilisha.

kiduku_87
Bora kwa nani na kwa kazi gani? Penseli, peni au rangi ya maji? Kurasa ngapi? Karatasi gani? Uko mkoa gani? Umeuliza kama mtu anayetaka viatu bila kuonyesha mguu.

Fundi Msharasi
Shona. Hayo mengine ni kupoteza muda.

Mimi nashona ule mshono wa Wakopti, Wakristo wa Misri ya kale. Mgongo unabaki wazi na uzi unaonekana kama msuko wa nywele. Ukilifungua daftari linalala bapa mezani, kushoto na kulia panakuwa uwanja mmoja wa kuchora. Vifaa ni shazia (ile sindano nene), msharasi wa kutobolea, uzi wa viatu na kipande cha nta ya nyuki. Pitisha uzi kwenye nta mara tatu hivi, mpaka ukiushika uwe unanata kidogo, la sivyo utajifunga mafundo kila hatua. Karatasi 4 ukizikunja katikati unapata kurasa 16, hilo ni fungu moja. Mafungu 6 yanatosha kwa anayeanza.

BintiSpairo
Fundi, kila uzi lazima ulete uzi wako 😂

Daftari la sanaa halibaki na unene wa siku ya kwanza. Bandika tiketi za daladala, kipande cha khanga, majani makavu, baada ya mwezi limevimba kama andazi. La kushona likivimba jalada halifungi, linabaki limeachama. Spairo unachagua pete kubwa kuliko karatasi zako, mambo yameisha.

Fundi Msharasi
Hilo lina dawa. Kila baada ya kurasa kadhaa unakata karatasi moja, unaacha kishina cha sentimita 2 karibu na mshono. Vile vishina ndivyo vinavyoupa mgongo nafasi ya vitu utakavyobandika. Na spairo ya plastiki ikishakanyagwa ndani ya begi, kurasa hazigeuki tena.

Mama Zuu
Nisomeni mimi niliyeungua.

Mwaka juzi nilipata oda ya madaftari 12, jalada la kitenge chekundu na bluu. Nikabana matumizi, gundi nikapika mwenyewe: uji mzito wa unga wa ngano. Kitenge sikukifua. Halafu nikaupaka uji moja kwa moja kwenye kitambaa, badala ya kubandika kwanza karatasi nyembamba kwa nyuma ikauke. Uji ukapenya, kitambaa kikalowa, kikachuja. Asubuhi nafungua, ukurasa wa kwanza wa kila daftari una wekundu kama mtu kafutia midomo. Nikajipa moyo, nikabandika karatasi nyingine juu.

Ilikuwa Aprili, na mvua ya Dar mnaijua. Nikayapanga yakiwa bado mabichi ndani ya boksi, nikafunga, nikasukuma uvunguni. Siku ya tano naona harufu ya mkate uliochacha chumba kizima. Kufungua boksi: vidoa vya kijani kwenye majalada, na mende wawili wamekaa juu kama wenye mali. Madaftari 7 pembe zimetafunwa mpaka kadibodi inaonekana. Advansi nilirudisha yote, na yule mteja mpaka leo akinisalimia ni kwa kulazimishwa na njia.

Sasa natumia gundi nyeupe ya mbao tu. Naipaka nyembamba, nafunika kwa plastiki, naweka tofali juu usiku kucha, kisha nayasimamisha wima upepo upite. Kitenge nafua kwanza hata kama duka limeniapia.

jirani_wa_Chumbageni
Mama Zuu pole sana, ila usiusingizie uji. Tangu utoto tumebandika tiara kwa uji na zimeruka.

kiduku_87
Tiara ndiyo nini? Sema kishada watu tuelewe.

jirani_wa_Chumbageni
Huku pwani ni tiara. Kishada kakirushieni huko kwenu.

kiduku_87
Sawa, na hiyo tiara ilidumu siku ngapi? Jioni ishanasa kwenye mnazi. Daftari mtu anataka alifungue akiwa mzee.

jirani_wa_Chumbageni
Hata wanaokarabati vitabu vya kale wanatumia uji wa wanga wa ngano, kwa sababu baadaye ukiulowesha unabanduka bila kuchana karatasi. Gundi ya mbao ikishakauka hutoki nayo.

Mama Zuu
Hao wana viyoyozi baba. Mimi nina uvungu.

Shangazi_Rangi
Samahani wapendwa, nilikuwa kazini. Ni zawadi ya mdogo wangu, anaenda TaSUBa Bagamoyo kusoma sanaa. Anapenda rangi ya maji na akriliki. Nipo Tanga. Anaondoka Jumapili ijayo. Karatasi nilishanunua, rimu moja ya A4 gramu 80.

kiduku_87
Rimu ya kuprintia? Kwa rangi ya maji? Dada yangu!

Fundi Msharasi
Haya ndiyo ungeanza nayo. Gramu 80 ukipitisha brashi yenye maji inajikunja kama ncha za vidole vilivyokaa kwenye beseni, na rangi inatokea upande wa pili. Tafuta katriji, ile karatasi nzito ya kuchorea, ya gramu 150 au zaidi, na kurasa chache za gramu 300 kwa michoro ya maji mengi.

Kitu kingine: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaolegea ndio wa kukunja. A4 nyingi nyuzi zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati unazivunja nyuzi na daftari linakakamaa. Nunua karatasi kubwa ukate mwenyewe.

BintiSpairo
Spairo haikunji chochote. Nasema tu.

Fundi Msharasi
Hapo nakupa moja.

Mama Zuu
Akriliki kwa joto la Bagamoyo, kurasa mbili zilizopakwa zikitazamana zinashikana. Mwekee na karatasi za kuokea keki, awe anatenganishia.

Mwana_wa_Pate
Nyote mmeng'ang'ania mgongo, urembo je? Kitenge kila mtu anacho. Tazameni picha za misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na 19. Nyekundu, nyeusi na njano tu, zimezunguka maandishi kwa pambo la kusukana, na macho hayachoki. Pambo kama lile kwenye ukingo wa ukurasa wa kwanza, halafu jina la mdogo wako katikati. Kama huna mkono, mwite yule mpaka piko wa mtaani, anayewachora maua maharusi mikononi, akuchoree, wale mkono hautetemeki.

kiduku_87
Mpaka piko atachora na piko kwenye karatasi?

Mwana_wa_Pate
Kwa wino, ndugu yangu. Kwa wino.

Shangazi_Rangi
Asanteni, nimejifunza mengi. Hiyo rimu nitawapa watoto wa shule. Ila bado: nishone au spairo? Shazia sijawahi kuishika na zimebaki siku 9.

Fundi Msharasi
Siku 9 unashona matatu. Shona.

BintiSpairo
Spairo, dakika kumi, hizo siku 9 pamba kurasa.

Shangazi_Rangi
Mama Zuu, kitenge nimekiloweka tangu mchana, maji yamegeuka zambarau. Hii ni kawaida?

Mama Zuu
Mwaga, suuza tena. Usiguse gundi mpaka maji yatoke meupe.

kiduku_87
@jirani_wa_Chumbageni hiyo tiara yenu mkia unakuwa na urefu gani? Kuna kijana hapa nyumbani kasoma huu uzi na sasa hanipi amani.