Moja bila kwa Mnyama: tumeshinda au tumeponea?

Mwananchi wa Igoma
Wananchi, mmeamkaje. Mimi sauti sina tangu jana. Sikukuu ya Nane Nane 2024, nusu fainali ya Ngao ya Jamii uwanja wa Mkapa, Yanga yetu na Mnyama Simba, watu hapa Mwanza wameacha maonyesho Nyamhongolo wamekimbilia mpira, na Maxi Nzengeli hakutuangusha. Sasa Mnyama amelala, tuongee sisi kwa sisi. Novemba tulimpiga 5-1. Aprili 2-1. Jana 1-0. Na Simba ya jana ni mpya karibu yote: kocha Fadlu ndiyo kwanza kafika, Ahoua mpya, Mukwala mpya, Mutale mpya, Debora mpya. Sisi tuna kikosi kile kile kilichobeba ubingwa, tena juu yake Dube na Chama. Juzi tu tumekwenda Afrika Kusini tukamchapa Kaizer Chiefs 4-0. Sasa mbona kipindi cha pili nilikuwa naangalia saa? Bao lilipatikana kabla ya mapumziko, baada ya hapo naona timu inarudi nyuma, inasubiri kipenga. Kocha wetu Gamondi aliamua hivyo au pumzi ilikata? Jumapili ni fainali na Azam, na Azam kampiga Coastal tano kule Amaan. Naomba majibu ya mpira, ushabiki tuuache.

Fundi Redio Buzuruga
Jibu la mpira ni hili: moja bila. Lingine utajibiwa na wanaopenda kujikuna pasipowasha.

Kijani Kibichi
Mkuu wa Igoma unatafuta huzuni kwenye harusi. Mwezi wa nane miguu ya wachezaji bado mizito, kocha anajaza pumzi kwanza, wepesi unakuja ligi ikishaanza. Ile ya Kaizer ni ya kirafiki, hata ukifungwa unapanda ndege unarudi kula ubwabwa. Hii ya mtani ukipoteza unazomewa mpaka Krismasi. Ningekuwa Gamondi ningefunga mlango dakika ya 46 na funguo nikatupa ziwani.

Mnyama wa Nyegezi
Hodi wenye nyumba. Naona leo kuna Yanga mmoja mkweli, nimekuja kumpongeza. Timu yetu ina kama mwezi tu iko pamoja, na bado mlikuwa mnamwangalia refa kama mnamdai. Tukutane kwenye ligi.

Kijani Kibichi
Mwaka jana mlisema tukutane kwenye ligi. Tukakutana. Unakumbuka zilikuwa ngapi au nikuhesabie kwa vidole vya mkono mmoja?

Mnyama wa Nyegezi
Na Ngao ya Tanga mwaka huo huo? Ally Salim alidaka penalti ngapi pale Mkwakwani? Mbona vidole hivyo huvihesabu?

Jangwani Asilia
Mleta mada, swali moja tu. Ulikuwa uwanjani? Kama ulikuwa kibanda umiza huko Igoma, benchi la mbao, mbele yako mtu na kofia, basi usituambie sisi tuliokuwa kwa Mkapa kwamba timu ilirudi nyuma. Runinga inakuonyesha mpira ulipo, basi. Huoni safu ya nyuma inavyopanda, huoni Job anavyompanga Bacca, huoni Aucho anazungumza na nani. Timu haikurudi nyuma, ilikuwa imebana katikati. Wenzetu wa mikoani nyie shangilieni tu, uchambuzi tuachieni.

Fundi Redio Buzuruga
Hapo kwenye mikoani umepakanyaga vibaya.

Mwananchi wa Igoma
Ndugu yangu wa Dar, mkoani maana yake nini? Hili ni jiji. Na kibanda umiza ulichokitaja ni cha binamu yangu, kina viti vya plastiki.

Mama Dagaa
Jangwani Asilia, pole na uchovu wa kupanda daladala mpaka Temeke. Mimi niko Mwaloni, nauza dagaa, na inawezekana kabisa hao unaokula hapo kwako wamepita mikononi mwangu. Kadi ya uanachama nalipia. Jezi ya kila msimu nanunua, yangu na ya watoto, tena ile halali, siyo za kuchapwa uchochoroni. Kutoka hapa kuja kwa Mkapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Unaondoka leo, unakaa ndani ya basi mpaka miguu inavimba, ukifika unatafuta pa kulala, na huku meza yako sokoni imefungwa, wateja wameshahamia kwa jirani. Safari hiyo nimeifanya, na tulipofungwa nimerudi vile vile nikiwa kimya mpaka Shinyanga. Wewe ukifungwa unatembea nusu saa uko kitandani. Halafu unaniambia mimi nishangilie tu?

Jangwani Asilia
Mama, dagaa na mpira vinaingilianaje? Sijasema nyie si mashabiki.

Mama Dagaa
Umesema "shangilieni tu". Rudi usome ulichokiandika.

Jangwani Asilia
Nimesema kuhusu kuchambua. Kuchambua mpira kunataka kuona uwanja mzima.

Mama Dagaa
Na kuchambua dagaa je? Maana hata hilo huwezi.

Mnyama wa Nyegezi
Jamani endeleeni, mimi nimeshanunua karanga.

Mzee wa Kitangiri
Vijana, salaam. Naona mnagombana nani wa mjini na nani wa mkoani. Sasa niwaambie. Mechi ya watani ambayo sisi wazee bado tunaisimulia haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa hapa Nyamagana, tarehe 10 Agosti 1974, kesho inatimia miaka 50. Ubingwa wa taifa ulikuwa mezani. Nyamagana ile siyo hii ya nyasi bandia, ilikuwa vumbi na kelele. Watu walitoka Geita, Musoma, Ukerewe kwa meli. Simba walitangulia, Adam Sabu. Wakajua imekwisha, wengine wameshaanza kuteremka kwenda mjini kushangilia. Dakika za lala salama Gibson Sembuli akasawazisha. Tukaingia muda wa nyongeza, Sunday Manara, yule tuliyemwita Kompyuta, akaweka la pili. Hakukuwa na runinga wala kibanda. Aliyekuwa Dar siku ile ndiye aliyekuwa mkoani, kainamia redio.

Fundi Redio Buzuruga
Shikamoo mzee. Lakini marehemu baba alikuwa akisema la ushindi alifunga Sembuli, shuti la mbali.

Mzee wa Kitangiri
Marahaba. Baba yako alikuwa Yanga au Simba?

Fundi Redio Buzuruga
Simba.

Mzee wa Kitangiri
Basi alikuwa ameshateremka mjini. Sembuli kasawazisha, Manara kamaliza.

Mnyama wa Nyegezi
Mzee shikamoo. Na mwaka 1977 umeusahau kwa bahati mbaya au kwa makusudi? Sita bila. Kibadeni matatu peke yake. Mpaka leo hakuna mwanaume wa Yanga huko Jangwani aliyelipa hizo sita.

Kijani Kibichi
Na 1968 tano bila ulikuwa hujazaliwa?

Mnyama wa Nyegezi
2012 nilikuwa nimezaliwa. Tano bila. Kahesabu na hizo.

Lindanda Damu
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Watu wa Igoma, Buzuruga, Nyegezi, Mwaloni, Kitangiri. Mmetaja Jangwani, Afrika Kusini, Amaan, Mkwakwani, mpaka kaburi la 1968 mmelifukua. Hakuna hata mmoja aliyetaja Pamba, timu ya jiji letu hili. Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu baada ya miaka 23. Wiki ijayo inafungua msimu hapa Kirumba na Prisons. Kocha ni Goran Kopunovic. Mama Dagaa anaumia kuitwa mtu wa mkoani, wakati hela ya dagaa wa Mwanza inapanda basi kila msimu kwenda kuwanunulia watu wa Dar mshambuliaji. Huyo wa Jangwani hajawatukana. Kawaita jina mlilojiita wenyewe.

Mama Dagaa
Mdogo wangu, miaka 23 Pamba ilikuwa wapi? Mwanangu wa kwanza amezaliwa Pamba haipo Ligi Kuu, amesoma, ameoa, Pamba bado haipo. Nilitakiwa nikae bila timu, nisubiri?

Lindanda Damu
Ilikuwa hapa hapa, dada. Ilikuwa inacheza Nyamagana na timu ambazo majina yake huyajui, sisi wachache tukiwa jukwaani tunafahamiana mpaka shemeji. Kiingilio hakizidi bei ya sahani yako moja ya dagaa. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya jezi ya Yanga.

Kijani Kibichi
Pamba ilishuka kwa sababu viongozi wake waliila. Msitubebeshe sisi.

Lindanda Damu
Timu yenye watu elfu 20 jukwaani haiibiwi kirahisi. Timu yenye watu 200 inaibiwa mchana. Halafu usiniambie habari za ukubwa. Mwaka 1990 Pamba ni bingwa wa Muungano. Mwaka huo huo tumempiga Anse Boileau wa Shelisheli 12-1 kwenye Kombe la Washindi. Kumi na mbili! Yanga yako imeshawahi kumpiga nani kumi na mbili Afrika?

Kijani Kibichi
Shelisheli nzima haijai hata Ilemela. Hao walikuja kutalii.

Lindanda Damu
Basi twende mwaka 2017, au Mbao FC ya hapa hapa Mwanza nayo ilitalii? Nusu fainali ya Kombe la FA, Kirumba, Mbao 1 Yanga 0. Nilikuwepo. Nimeona watu wa Mabatini na Igogo wamevaa kijani na njano, timu ya nyumbani kwao imeingia fainali, wao wamenuna kama wamefiwa.

Kijani Kibichi
Tulijifunga wenyewe siku ile.

Mnyama wa Nyegezi
Sisi Wanamsimbazi siku hiyo tulikuwa Mbao damu, mji mzima ni shahidi.

Lindanda Damu
Na fainali Dodoma, Simba na Mbao, ulikuwa nani?

Mnyama wa Nyegezi
Fainali ni mambo mengine.

Mwananchi wa Igoma
Jamani, mada ilikuwa kipindi cha pili.

Kocha wa Mchangani Butimba
Mimi nakujibu, kaka wa Igoma. Kukaba juu kunataka watu wanne wanaopanda kwa pamoja. Straika anamfungia beki njia moja, winga anaifunga ya pili, kiungo anasubiri pasi ya kulazimishwa. Mmoja akichelewa hatua mbili, mpira unapita katikati yenu na mabeki wanabaki uchi. Sasa Dube ndiyo kwanza anaingia, hawajui bado ataanza kukimbia lini, na yeye hajui Pacome atamfuata lini. Kocha mwenye akili, ukiwa na bao mkononi na safu ya mbele haijazoeana, unawashusha wote, unaacha kina Job na Bacca wafanye kazi wanayoijua. Siyo pumzi. Ni kwamba mabeki wameshazoeana na washambuliaji bado. Azam nao watawapa Yanga nafasi, kwa sababu wao hawajui kukaa nyuma.

Jangwani Asilia
Kocha wa timu gani wewe?

Kocha wa Mchangani Butimba
Watoto chini ya miaka 15, Butimba.

Jangwani Asilia
Sawa.

Mama Dagaa
Hiyo "sawa" yako ina nini ndani? Mtu kakueleza kitu ambacho wewe na kiti chako cha kwa Mkapa hukukieleza.

Jangwani Asilia
Mbona nimesema tangu mwanzo walibana katikati? Kasema yale yale.

Lindanda Damu
Kocha wa Butimba, watoto wako wakikua unawapeleka wapi?

Kocha wa Mchangani Butimba
Anayekuja kuwauliza ndiye anawachukua. Kutoka Dar wanakuja. Kutoka Pamba tulikuwa tunapigiwa simu tu, wakati mwingine hata hiyo hakuna. Lakini msimu huu wamekuja kweli, wamekaa jua lote wanaangalia.

Lindanda Damu
Hilo nimelisikia, na ni aibu yetu. Lakini sasa swali kwa wote wa humu, na naomba kila mtu ajibu kwa jina lake. Yanga itakuja Kirumba msimu huu. Simba itakuja. Siku hiyo utakaa upande gani?

Fundi Redio Buzuruga
Mimi nitakuwa kazini siku hiyo.

Kijani Kibichi
Yanga. Na sioni haya. Moyo hauulizwi kitambulisho cha makazi.

Mnyama wa Nyegezi
Ikija Yanga mimi Pamba. Ikija Simba tutaongea.

Mzee wa Kitangiri
Yanga ya 1974 niliishangilia hapa. Pamba ya 1990 niliishangilia hapa. Sijawahi kugombana na nafsi yangu.

Lindanda Damu
Mzee, hazikuwa zinacheza siku moja. Nauliza zikikutana.

Mzee wa Kitangiri
Zilishakutana sana, wewe ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu.

Lindanda Damu
Na ulikaa upande gani?

Mzee wa Kitangiri
Upande wa kivuli.

Jangwani Asilia
Mzee keshachoka, mwacheni apumzike na redio yake. Pamba yenyewe ikifika mzunguko wa pili bado iko kwenye ligi mnitafute.

Fundi Redio Buzuruga
Oya, mzee humjibu hivyo hapa. Huku siyo kijiweni kwenu.

Mama Dagaa
Mwombe radhi mzee, sasa hivi, kabla hatujaendelea na lolote.

Jangwani Asilia
Nimetania. Utani wa jadi.

Mama Dagaa
Utani una watani wake. Huyo ni baba yako mzazi kwa umri.

Jangwani Asilia
Mzee, samahani. Lakini la Pamba nalisimamia.

Mzee wa Kitangiri
Nimekusamehe. Njoo na wewe wiki ijayo uone Prisons wanavyokaba, nitakulipia kiingilio.

Mnyama wa Nyegezi
Hahaha, mzee kamlipia mtu wa mkoani.

Lindanda Damu
Mama Dagaa bado hujajibu.

Mama Dagaa
Kwa Prisons nakuja, na wanangu nawaleta, na meza nafunga saa sita. Kwa Yanga usiniulize leo, nimetoka kushinda jana.

Lindanda Damu
Naomba basi moja. Kwa Prisons usije na jezi ya Yanga.

Mama Dagaa
Nitavaa kitenge.

Mnyama wa Nyegezi
Cha rangi gani?