Mjadala: Je, ni haki kuwabadili panya jeni ili tuelewe upofu wa binadamu?

Jumapili iliyopita hapa Dodoma, tulipokuwa tukizungumza baada ya ibada, mzee mmoja ninayemheshimu alisema kuwa kumbadili panya jeni ili azaliwe na ugonjwa wa macho ni kumtesa kiumbe bure, maana jicho la panya si jicho la mtu. Naomba nimjibu mbele yenu.

Kuhusu jicho, mzee amesema kweli. Panya ni mnyama wa usiku. Takriban asilimia 97 ya seli zake zinazopokea mwanga ni zile za kuonea gizani, tena hana makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayotumia kusomea na kutambua sura za watu. Kwa magonjwa ya sehemu hiyo, mimi mwenyewe ningesita kuruhusu panya watumiwe.

Lakini nina mpwa wangu Chamwino. Alikuwa na miaka miwili, dada yangu akimlisha uji jioni, na mwanga wa taa ulipompiga usoni mboni ya kushoto iling'aa nyeupe kama jicho la paka. Ilikuwa saratani ya retina, na jicho likaondolewa ili mtoto abaki hai. Saratani hiyo kwa kawaida huanza jeni ya RB1 inapoharibika. Mwaka 1992 watafiti walieleza panya walioharibiwa nakala moja ya jeni hiyo: walipata uvimbe wa tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huku macho yao yakibaki salama. Mzee angesema jaribio lilishindwa. Mimi nasema hapo ndipo lilipoanza kufundisha, kwa sababu watafiti walipouliza ni nini kilicholinda jicho la panya, waliifikia jeni nyingine, p107, inayoziba pengo la RB1. Jeni hizo zote mbili zilipokosekana, uvimbe wa retina ulitokea.

Na upofu wa kurithi haukubuniwa maabara. Mtafiti Clyde Keeler aliandika mwaka 1924 kuhusu panya waliokosa seli za kuonea gizani, kabla mtu yeyote hajaweza kugusa jeni.

Kwa hiyo nawauliza mnaopinga: kama panya hawa wangekatazwa, swali la kilicholinda jicho la panya lingeulizwa kwa kiumbe gani?