Ushauri: nachujaje udhaifu wa kiusalama wa kerneli ya Linux?

Kijana wa Seva:
Wakuu, habari za jioni. Natunza seva za duka la jumla hapa Kariakoo. Nyingi ni Debian 12, mbili ni Ubuntu 22.04. Bosi anataka kila Ijumaa nimpe orodha ya udhaifu wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) na nieleze upi nimeuziba. Sasa nikifungua orodha za CVE (namba za kutambulisha kila udhaifu wa kiusalama) nakutana na namba mpya kibao: mara dereva ya kadi ya sauti, mara Bluetooth, mara mfumo wa faili ambao hatuna kabisa. Sitaki kumpelekea karatasi ndefu isiyomsaidia. Halafu mchana siwezi kuzima seva, mauzo yote yanapita humo. Mnafanyaje?

Fundi Ubungo:
Mkuu, wingi wa namba usikutishe. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo inayotoa namba za CVE, na inazitoa kwa upana. Kwa mtazamo wao, karibu kosa lolote ndani ya kerneli laweza kugeuzwa tundu. Namba kwa kawaida hutoka wakati rekebisho limeshaingia kwenye matoleo thabiti, kwa hiyo mara nyingi dawa ipo.
Anzia security-tracker.debian.org. Weka namba, angalia mstari wa bookworm, ndilo jina la Debian 12. Kwa Ubuntu tumia ukurasa wao wa usalama, usilinganishe na matoleo ya kernel.org (tovuti ya watengenezaji wa kerneli), kwa sababu Ubuntu huchukua rekebisho na kulipandikiza kwenye kerneli yao ya 5.15 ileile.

Mama Tabata:
Naunga mkono, ila nisisitize jambo moja, maana naona watu wanalipuuza: udhaifu unaohitaji mtu awe tayari ndani ya mashine. Wengi husema "huo si wa mtandaoni, usubiri." Angalia CVE-2024-1086 ya nf_tables, sehemu ya kerneli inayochuja data ya mtandao. Mtumiaji wa kawaida anageuka root, yaani mwenye mamlaka yote. Rekebisho lilitoka mwanzoni mwa 2024, Machi mbinu ya kuutumia ikawekwa hadharani, na kufikia mwisho wa Mei CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mtandao, walishauingiza kwenye orodha yao ya udhaifu unaotumiwa na wavamizi. Tovuti yako ikiwa na tundu dogo tu, mvamizi anaingia kama www-data (akaunti ya kawaida inayoendesha tovuti), kisha anamalizia na kerneli.
Kwa hiyo ripoti ya bosi ianze na orodha hiyo ya CISA. Kisha piga `lsmod` uone moduli (vipande vya kerneli, kama madereva) zipi zimepakiwa. Ila isiyoonekana hapo usiifute haraka, nyingine hupakiwa zikihitajika.

Kijana wa Seva:
Asante sana dada. Na `apt upgrade`, amri ya kusasisha, nikishaipiga, si nimemaliza?

Fundi Ubungo:
Bado. Kerneli mpya imekaa kwenye diski, inayofanya kazi ni ya zamani mpaka uwashe upya. Kwa Debian, `uname -v` inakuonyesha toleo la kifurushi kinachoendesha mashine sasa hivi. Linganisha na `dpkg -l | grep linux-image`, inayoorodhesha kerneli zilizosakinishwa. Hiyo tofauti ndiyo ya kumwonyesha bosi. Ubuntu wana Livepatch, inaziba mengi mazito bila kuzima, ila kuwasha upya kutakuja tu.

Mama Tabata:
Omba muda wa kuwasha upya Jumapili usiku, duka likiwa limefungwa. Na usifute kerneli ya zamani mpaka uhakikishe mpya imewaka vizuri, ili ikigoma uichague ile ya zamani kwenye GRUB, menyu inayotokea mashine ikiwaka.

Kijana wa Seva:
Nimeelewa. Kesho namwandikia bosi kuomba muda huo, na seva ya akiba ndiyo ya kwanza.